Taarifa ya Tisa Mei

Mwaka jana niliwadanganya bila kukusudia:
niliyemwandika alikuwa nondo,
mnene, akinyonya petunia jioni ya Septemba.
Mkamtia kidoti chekundu juu ya mji wetu
nami nikaona haya kumkana.

Leo sikurupuki.
Nimeketi jikoni tangu saa kumi na moja, chai imepoa,
kichupa kinaning'inia dirishani,
sukari moja kwa maji manne, kama mlivyoagiza.
Theluji bado imeng'ang'ania kivuli cha ghala.
Huko Luiziana, Odile alimwona mvumaji wa kwanza mwezi Machi,
kisha mwalimu mmoja wa Tenesii,
kisha dereva wa lori, Ohayo, kituo cha mafuta;
vidoti vinapanda ramani kama harara.

Saa mbili kasoro dakika tano:
vuuu.
Hafikii uzito wa barua.
Koo lilikuwa jeusi; akageuka, likawaka.
Akanywa mara tatu, akanitazama
kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji,
akaenda zake.

Wanasema huvuka Ghuba ya Meksiko usiku kucha
bila pa kutua.
Mimi kuvuka ua tu hadi sanduku la posta
goti linanisuta.

Basi andikeni: dume, mmoja,
kaskazini mwa Meini, anga la kijivu, upepo mkali.
Shahidi: Thirza Pelkey, miaka sabini na minane,
miwani imefutwa mara mbili.
Na yule wa mwaka jana,
tafadhali,
mfuteni.