Upawa

Mchana, Barka, napima maji ya mji mzima:
bahari inaingia kwa bomba huku,
inatokea kule imesahau chumvi.
Usiku, Al Khoudh, ghorofa ya tatu,
napima maji ya samaki kumi na mmoja.

Matone matano kwenye kichupa, tikisa, subiri,
linganisha rangi na karatasi.
Manjano: nalala. Kijani kidogo: silali.
Mawe niliyaokota wadini, nikayachemsha mara tatu
kama chupa za mtoto mchanga.
Mwani ukichomoza kiooni, ukubwa wa kucha,
nausugua kwa mswaki, na mswaki nautupa.
Konokono mmoja aliingia kwa magendo,
chini ya jani nililonunua Ruwi;
nilimwinda wiki nzima
kwa kibano cha nyusi cha mke wangu.

"Hawa samaki wamelazwa," Shinuna alisema.
"Lini wataruhusiwa kurudi kwao?"

Bibi yake, aliyekulia Wete, hakuchoka kusema
hakuna masika yasiyo mbu.
Hapa masika yenyewe hayapo,
nami nikadhani basi hata mbu tumesamehewa.

Kisha ikaja ile mvua.
Wadi ilishuka na tope, na mitende, na friji ya mtu.
Bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa, mitambo ikaziba,
nikabaki Barka siku tatu ndani ya buti zilezile,
barabara hakuna.
Simu yake ilinifikia mara moja tu:
"Umeme umekatika. Pampu imenyamaza.
Wamepanda juu, wanapiga miayo. Nifanyeje?"
Nikaanza: fungua droo ya pili, kuna daftari,
ukurasa wenye mstari mwekundu, sasa soma...
Nilikuwa nikiisomea simu iliyokufa.

Nilirudi nanuka tope.
Upawa wa mchuzi umesimama ndani ya tangi,
ule wa kifuu, wenye mpini uliopasuka.
Shinuna kalala kitini,
mkono wa kulia umening'inia, kiganja kina malengelenge.
Alikuwa akichota maji na kuyamimina kutoka juu,
chota, mimina, chota, mimina,
ili pumzi iingie,
usiku wa kwanza, na wa pili,
akijihesabia kwa tasbihi, maana saa ya ukutani ilizima.

Mawe yameanguka kifudifudi.
Kijani kimetambaa kioo kizima
na juu yake konokono, wala si mmoja,
wanajikokota kama watu wasio na miadi.
Ukingoni kuna doa la manjano.
Bizari, nadhani.

Samaki tisa.
Wawili aliwafunga katika karatasi ya jikoni,
akawalaza kando ya sinki
nije nijionee mwenyewe, nisije nikasema.
Hapo ndipo nilipochomwa.
Si kwa wale wawili. Ni kwa ile karatasi
iliyokunjwa vizuri, pembe kwa pembe,
na mtu aliyekesha siku mbili akipiga maji
halafu, kabla ya kufumba macho,
akaandaa utetezi.

Nilitoa kichupa. Nikatia tone la kwanza, la pili.
La tatu likaning'inia.
Nikamwaga vyote sinkini, nikaenda kutafuta mafuta ya nazi
kwa ajili ya kiganja.

Sisemi nimepona.
Juzi niliamka saa tisa usiku kwenda kunyoosha jiwe.
Konokono alikuwa amelikalia, pembe nje,
akila kijani changu bila haraka.
Nilisimama pale mpaka miguu ikapata baridi ya vigae,
kisha nikamwachia jiwe lake, limepinda.

Tumenunua upawa mwingine wa mchuzi.
Ule wa zamani unaning'inia ubavuni mwa tangi,
na kifuu chake, pale kinapogusa maji,
kimeanza kuota ndevu za kijani.
Shinuna aliniuliza kama auoshe.
Nikasema, kwa tabu kidogo,
hapana.