Shoka Darini

Canvey ni kisiwa kwa jina na kwa hofu.
Barabara zimekwisha kukishona na Uingereza yote,
na ukuta wa zege umekizunguka shingoni
kama mkufu usiovuliwa hata kulala.
Ukisimama mtaani maji huyaoni;
waona meli zapita juu ya mapaa ya watu.

Namtunza Bi Beryl Pask, miaka themanini na ushei.
Asubuhi vidonge, jioni soksi.
Jina langu Time; yeye huniita Taim,
nami nimechoka kumrekebisha,
maana kweli nauza saa zangu.
Viatu vyake havikai chini.
Nikivisukuma mvunguni, ananitazama
kama niliyemtukania marehemu.
"Juu ya kabati, Taim."

Kila Januari ikifika ukingoni anasimulia,
na neno halibadiliki:
"Baba alikuwa dirisha la mbele, anautazama mto,
kwani mto ndio tuliofunzwa kuuogopa.
Maji yakaja kwa nyuma, kwenye kijito cha matope,
yakagonga mlango wa jikoni
kama jirani aliyeishiwa chumvi.
Baba akapanda meza,
akalipasua dari kwa shoka la kuni,
akatupitisha mmoja mmoja.
Kulipokucha, Colin hakuamka.
Ni baridi iliyomchukua.
Katika hesabu waliandika maji."

Nikimalizia mimi sentensi,
huirudisha nyuma aitamke mwenyewe.

Kwetu Kojani bibi alitulaza kwa ubeti:

*Bahari haina mwiko,
hula hata mwana wako,
ikikupa kwa kijiko
itadai kwa pakacha.*

Mwaka ilipozama boti, mji mzima
ulijifunika ubeti huo kama shuka moja.
Deni limelipwa, walisema. Kadari.
Tukasoma hitima, tukala wali, nikaitikia amina,
nami najua mjomba Asaa aliuza tiketi
hadi kitabu kikamwishia,
akaanza kuandika namba viganjani mwa abiria
kwa kalamu ya wino.

Walioopolewa siku ya pili
wengine walikuwa wamefumba ngumi.
Tulipozikunjua, namba zilikuwepo.
Bibi hakuzitia katika ubeti.

Nilimwambia Bi Beryl haya nikimkausha vidole vya miguu.
Hakunishika mkono, si mtu wa hivyo.
Alisema chai imepoa.
Kisha, akiwa ameupa ukuta uso:
"Na sisi husema hakuna aliyejua.
Huko juu pwani walikuwa wamekwisha kuzama tangu jioni.
Simu zilikuwepo.
Baba hakuwahi kulitia hilo kwenye hadithi.
Alitaka tulale."

Sikujua kuwa hadithi moja
yaweza kuwa mlango na pazia.
Kutoka siku ile nasikiliza zaidi
pale sauti ya msimuliaji inaporuka shimo.

Mwanangu Mundhir karudi na karatasi ya shule:
eleza janga la kisiwa unachokijua.
Visanduku vitatu: Chanzo. Athari. Hatua.
Kwenye Hatua aliandika ukuta, akafuta,
akaandika: *shoka darini, viatu juu ya kabati.*
Athari akachora ngumi. Si nyumba, si mashua.
Ngumi tu, imefumbwa.
Nani alimwambia? Nilidhani amelala.

Chanzo: *upepo.*

Nikaiacha karatasi mezani hadi usiku wa manane,
nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa,
nikachukua penseli, nikaongeza pembeni mwa upepo
jina moja, kwa herufi ndogo,
herufi za mtu aliyekula pilau ya harusi yake.

Leo imerudi. Alama nzuri, tabasamu la wino mwekundu,
na mshale umelenga lile jina:
*Huyu Asaa ni nani?*

Mundhir kavuta kiti karibu.
Sijavua hata sare ya kazi.
"Mama," kasema, "anza pale bibi alipoacha."