Milimita Nne

Nilipomwambia avue bangili, Mama Mujinga alicheka.
"Mwanangu, shaba haivutwi na sumaku.
Marehemu aliichimba miaka thelathini,
angeniambia."
Kweli, haivutwi.
Lakini inashika moto, mama, na inavuruga picha.
Akazivua moja moja, akaziweka ndani ya kiatu.

Ulikuwa mwezi wa tatu. Mvua ya Lubumbashi
ilipiga bati la chumba cha jenereta,
na kwenye benchi walikaa wagonjwa kumi na mmoja.
Mafuta ya jenereta niliyahesabu kwa lita.
Mafuta ya titi nikayaacha yawake,
meupe, yakimezana na kila cheupe kingine.
Tabaka la milimita nne badala ya moja.
Dawa ikaingia mshipani; nikapiga mara moja tu,
dakika ya tano, basi.
Asante mama. Anayefuata!

Kwetu Katuba mama alikuwa na machekeche mawili:
la macho makubwa, la siku wageni wako mlangoni,
na la macho madogo, lililochosha mikono.
Unga ulikuwa ule ule.
Lakini bukari ya chekeche la kwanza
uliitafuna ukisikiliza jino.
Ukiuma kijiwe, mama hakusema pole.
Alisema: "Mimi ndiye niliyekiruhusu."

Ripoti ilitoka safi. Dokta Tshala alitia sahihi.
Daktari husoma barua;
mwandiko ulikuwa wangu, Kabwit,
fundi wa picha, diploma ukutani.

Mwezi wa tisa, jakaranda zikimwaga zambarau barabarani,
alirudi. Bangili alikwisha kuzivua,
zimefungwa kwenye leso.
"Nikilalia upande wa kushoto," alisema,
"kuna kitu kinanijibu."

Siku hiyo nilichekecha.
Milimita moja.
Nikayazima mafuta mpaka titi likawa giza,
giza la mtaa uliokatiwa umeme,
ambamo kila taa lazima ijieleze ni ya nani.
Picha kabla ya dawa. Kisha dawa.
Kisha picha, na picha, na picha,
naye kifudifudi, mikono mbele ya kichwa,
akivumilia ile mashine inayogonga kama karakana.

Sekunde ya tisini ikawaka.
Karibu na mbavu, punje ya mtama,
kingo zake zina miiba.
Dakika ya tatu ilianza kufifia.
Dakika ya tano imekaa kimya kati ya jirani zake,
hujui nani ni nani.
Dakika ya tano!
Ndiyo niliyoichagua mwezi wa tatu,
kama mlinzi anayekuja kumvizia mwizi
saa ya chai ya asubuhi.

Nikafungua picha za zamani.
Kati ya tabaka la ishirini na mbili na lile linalofuata
kuna wingu. Labda wingu.
Nusu huku, nusu kule,
tabaka nene zimegawana hata pasibaki wa kushtakiwa.
Je, ilikuwepo? Sijui.
Hilo "sijui" ndilo linaloniamsha saa nane za usiku.

Nilimwambia Dokta Tshala. Alinyamaza kwa muda, akasema: "Andika."
Tukaandika, tukabandika kwa plasta juu ya kompyuta:
unene, sekunde, mafuta yazimwe, mara sita.
Chini akaongeza kwa mkono wake:
hata foleni ikifika barabarani.

Mama Mujinga alikuwa akivaa bangili.
"Safari hii umeona?"
"Nimeona, mama."
"Na ile ya kwanza?"
Jenereta ilikuwa imezimika; hapakuwa na kelele ya kujificha ndani yake.
"Ile ya kwanza sikuangalia. Nilipiga picha tu."

Bangili saba. Nilizihesabu zikigongana.
Hakucheka.
"Basi niandikie," alisema, "siku ya kisu."

Kwenye benchi walikuwa kumi na wanne.
Nikawaambia watachelewa kurudi nyumbani.