Nishikie Ngazi

Fungua, Fortunata. Ni mimi, Saturnina wa funguo.
Sikuja kukopa chumvi.

Miaka miwili nimefagia darasa lisilo na mtu,
nimepangusa madawati thelathini na moja
kama anayeosha vyombo vya wageni waliokwisha kuondoka.
Ubaoni bado ipo tarehe ya siku ile, Machi kumi na moja,
kwa mwandiko wa mwalimu Edilberto,
na hesabu ya kugawanya aliyoiacha katikati.
Sijaifuta. Sina ubavu huo.

Unakumbuka walivyompeleka Oruro,
mwanawe akakesha kwenye foleni
na mtungi mtupu wa oksijeni begani
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi?
Foleni ilisogea. Mtungi ukajazwa.
Mwenye mapafu hakuwapo tena.

Na watoto wakasomeshwa na redio.
Wilber wako kila asubuhi alipanda kilima cha antena,
simu ya mjomba wake ameifunga kwenye kijiti,
akiusaka mtandao kama anayesaka lama aliyepotea,
akarudi midomo imepasuka kwa baridi
na nusu ya somo.
Juzi nilimwomba anisomee bei kwenye gunia la mchele.
Alisoma polepole, kidole chini ya neno,
kisha akacheka kwa nguvu
ili nisiione haya yake.
Niliiona.

Sasa muuguzi Yobana amefika.
Pikipiki ilimfia mtoni,
akalipandisha lile sanduku la buluu mgongoni,
amelifunga kwa kitambaa cha kubebea watoto.
Ameketi darasani, chini ya hesabu ya Edilberto.
Barafu inayeyuka wakati mimi na wewe tunaongea na mlango.

Ndiyo, nami nimesikia.
Kwamba ukichanjwa, kijiko kitanata mkononi kama kwenye sumaku.
Nilijaribu, Fortunata, usiku, taa nimezima.
Kijiko kilianguka kikamwamsha paka.

Sitakudanganya: mkono uliniuma,
homa ikanilaza kutwa nzima,
nikamtukana Yobana kwa lugha zote mbili ninazozijua.
Kesho yake nilimenya viazi.
Wala siapi kwamba aliyechanjwa haugui.
Yobana mwenyewe hakuapa.
Alisema tu kwamba wengi wetu
hatutafika kwenye foleni ya mitungi.
Hilo lilinitosha.

Na wewe, mwezi wa Juni,
hukuwapanga lama wako arobaini kwa sindano ya upele?
Uliwashika masikio mmoja mmoja,
yule mweupe akakutemea mate usoni,
na hukumwachia.
Hukuuliza chupa ile imetoka nchi gani.
Uliuliza kama itawatosha wote.

Jumatatu Wilber ataketi ubavuni mwa binti wa Casimira,
yule mwenye pumu.
Watagombania kifutio, watanong'onezana,
jioni kila mmoja atarudi kwao
na pumzi ya mwenzake ndani ya sweta.
Shule ina mlango mmoja,
lakini pumzi zake hulala katika kila nyumba ya kijiji hiki,
hata hii uliyoifunga kwa komeo.

Sikuburuti. Mkono ni wako.

Ila ipo kengele.
Siku ya mazishi niliufunga ulimi wake kwa gunia
ili upepo usiigonge ovyo,
na tangu siku ile iko kimya kule juu.
Jumatatu lazima ifunguliwe,
na magoti yangu ni yale yale unayoyajua.
Sitaki kupandia mikono ya mtu mwingine.

Nasikia unavaa viatu, au ni kuku?

Pitia kwanza kwa Yobana.
Vidole vyake ni vya baridi, nakuonya.
Kisha njoo,
unishikie ngazi.