Merikani kwa Nusu Tangi

Ulitaka kuiona Marekani, Mbeyu.
Uliichora kwa makaa ukutani nyuma ya jiko:
barabara ndefu isiyo na kona,
gari, sisi wawili ndani,
kichwa changu kikubwa kuliko usukani,
na kule mwisho wa barabara mtu mdogo
ambaye hukumwandikia jina.
Sikuuliza. Mama yako hupiga simu Jumapili.

Mimi nilikuwa na Probox ya Nzaro,
ya kuazima hadi magharibi,
mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani,
mafuta nusu tangi.
Nikakwambia, panda.
Marekani nayo iliwahi kuja huku.

Tukaiacha Malindi ikifungua maduka.
Darajani Sabaki, maji rangi ya chai ya maziwa,
ukahesabu viboko watatu.
Mimi niliona mawe.

Mambrui tulinunua mahamri, ya jana, ya moto wa kupashwa.
Mashamba haya, nikasema, yalikuwa ya mtama na ufuta,
na waliolima hawakuja kwa hiari yao.
Walivaa merikani,
kitambaa kigumu, kipande cha kuzunguka kiuno,
kilichosafiri miezi
kutoka miji ya viwanda na theluji.

Ukatafuna. Ukauliza,
pamba yake aliichuma nani?

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya roketi.
Nikashika gia, nikaiachia.
Watumwa, nikasema. Weusi kama sisi, huko ng'ambo.

Ukanyamaza mwendo wa vijiji viwili.
Halafu, kwa sauti ya kupiga hesabu:
"Mtumwa aliichuma, mtumwa akaivaa.
Sasa pesa zilikaa wapi?"

Darasa la sita, Mbeyu!
Nikajifanya ninakwepa shimo.

"Na hando la hawe, lile la sandukuni?"
Nalo ni merikani.
Lakini wale bibi waliikunja, wakaikunja tena,
mikunjo kwa mikunjo,
hata nguo ikasahau ilikotoka
ikajifunza kiuno cha Kigiriama.
Hilo ulilipenda. Ulitikisa mabega ukiwa umeketi.

Gongoni, vilima vya chumvi vikimeta juani.
"Theluji!" ulipiga kelele. "Baba, tumefika!"
Tukashuka tukalamba vidole kama wezi.

Barabara ya Ngomeni ni mchanga na matumaini.
Nilisukuma, wewe ukashika usukani,
umesimama, ulimi nje,
na kwa dakika nzima picha yako ya ukutani
ilikuwa kweli, ila dereva amebadilika.

Kisha bahari, na ndani yake
vile vyuma vyenye miguu, vimeliwa na kutu.
Pale, nikakuonyesha. Roketi ya Wamarekani,
warushaji Waitaliano,
maji yetu, na jina letu:
Uhuru.
Setilaiti iliyopanda siku ya sherehe,
miaka saba baada ya bendera,
kwenda kutazama mwanga ambao jicho halioni.
Babu yako alikuwa jikoni kambini.
Alilia iliporuka,
na hadi anakufa alisingizia vitunguu.

"Iko wapi sasa?"
Iliungua ikirudi. Sikuwa nimezaliwa.
"Uhuru uliungua?"
Setilaiti, mama. Setilaiti tu.

Ulitazama vile vyuma muda mrefu
kama mtu anayesubiri kuitwa dukani.
Hukusema umefurahi. Ulisema una njaa.

Tulirudi taa ya mafuta ikiwaka,
miguu yako juu ya dashibodi,
chumvi imekauka kando ya mdomo.
Karibu na Sabaki ulisema, macho yamefumbwa,
"Mama akipiga, nitamuuliza
kama huko wanajua habari za hando."

Nzaro alikuwa mlangoni, saa mkononi.
Akachungulia mshale wa tangi, akashika kiuno.
"Kwani nyinyi mlikwenda wapi?"

Ulinitangulia kujibu.
"Merikani."

Akacheka mpaka akaegemea gari.
Wewe hukucheka.
Ulikuwa unafungua ile kamba ya katani,
taratibu, fundo kwa fundo,
ushuke upande wako.