Tanuf, Mhula wa Pili

Basi la chuo lilitushusha saa mbili asubuhi,
wanafunzi tisa, kofia tisa, dodoso moja.
Dokta Yaarub aligawa maji kwanza.
"Someni kibandiko," akasema.
Tanuf, kwa buluu, na kilima kidogo juu yake.
Hivyo ndivyo nilivyokijua kijiji:
nilikimeza kabla sijakiona.

Kuta za udongo, nyingine zimeishia kiunoni,
nyingine zina dirisha bado, ila chumba hakuna.
"Ndege zilitokea kule," akaonyesha kwa kalamu,
na sote tukageuza shingo,
hata Anselm aliyekuwa akirekodi,
kana kwamba zimechelewa tu.

Nikaandika: Chanzo.
Nikaandika: Matukio.
Nikaacha mistari minne ya Matokeo,
kama tulivyozoeshwa tangu kidato cha pili.
Pembeni falaji ilikuwa inapita, imejaa,
na kijana mmoja anafulia zulia la gari,
redio yake inatangaza mpira.

Jioni, Nizwa, kwa Bi Thureya
anayenipa chumba na kunigombeza kwa Kiswahili
cha zamani, kilichokunjwa vizuri kama kanga ya sanduku.
"Leo wamekusomesha nini?"
Vita vya Jabali, bibi.
"Vya wenzako vitamu," akasema,
akamimina mkate kwenye sufuria.
"Mie nilikuwa na miaka tisa.
Tuliondoka na bakuli la shaba, basi,
tena mama alilibeba kwa kusahau kuliweka chini."

Kisha, bila kunitazama:
"Pale Vikokotoni, nyumba ya baraza ndefu,
mlango wa misumari, mmoja umeng'oka,
siku hizi yuakaa nani?"

Sijui, bibi.
Na kweli sijui.
Lakini nyumba yetu sisi, mtaa wa pili yake,
babu alipewa. Karatasi ipo, ina muhuri.
Na ukumbini, chini ya chokaa,
kuna maandishi niliyokuwa nikiyafuata kwa kidole
nikiwa mdogo, nikidhani ni pambo la ukuta.
Mapindo mawili, nukta tatu, mkia mrefu.
Kidole hakijasahau.
Ila mhula huu nimefundishwa kusoma.

Lilikuwa jina la mtu.

Usiku nimemtumia kaka ujumbe:
Msipake rangi ukumbini mpaka nirudi.
Akajibu: Fundi keshanunua ndoo mbili. Kuna nini?
Nimeandika, nimefuta.
Nimeandika tena, nimefuta.
Daftari liko wazi pembeni ya kitanda,
mistari minne, mitupu,
na chupa ya maji imefika nusu.

Bi Thureya anagonga mlango.
Mkate umeiva, anasema,
njoo ule ungali moto,
na uniletee kisu, kile chenye mpini mweupe,
hicho kingine hakikati.