Kifutio

Sura ya wachawi niliimaliza Machi,
chumba cha nyuma, duka la fotokopi, Ngara,
mashine ikiupasha ukuta joto.
Haikunisumbua. Uchawi ni maneno,
na maneno ukiyapa vina hujipanga yenyewe:

    Tamka neno kwa nguvu, dadu uirushe chini,
    ikikataa ni wivu, rudia tena foleni,
    ikikubali, majivu: moto watoka kinywani,
    na deni halina kovu, lalipwa hapo mezani.

Kisha, juu ya ukurasa mpya: Nguvu za Akili.
Hapo kalamu ikalala.

Mara ya kwanza nilibadilisha majina tu.
Ramli nikaiita kusoma mawazo.
Syokau akacheka mpaka chai ikampalia:
"Ni mchawi yule yule. Umemvua kanzu, ukamvalisha koti."
"Mchawi husema na dunia," akadakia Galgalo,
"nayo dunia humjibu. Huyu wako anasema na nani?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na dadu saba
na tokeni za stima za shilingi ishirini.

Mara ya pili: maumivu ya kichwa. Jedwali zima,
kutoka kizunguzungu hadi damu puani.
Nanjala alijumlisha, akatoa, akagawa kwa mbili;
zamu yake ilipoisha, mlinzi wa lango
alikuwa ameshakufa kwa uzee.

Julai, manyunyu, Galgalo akachelewa.
Alitoka wodini: mama yake, kiharusi,
wiki ya sita bila neno.
"Nilimtazama machoni nikajua anataka dirisha lifungwe.
Nikalifunga. Nikajua anataka kitu kingine,
na kingine. Nilipofika mlangoni kwangu
sikukumbuka ufunguo upi ni wa kufuli lipi."
Alisema hivyo kama anayesimulia foleni ya Thika Road,
akarusha dadu. Moja.

Usiku ule nililichana jedwali.
Nikaandika kanuni, kwa penseli:

    Andika mistari kumi ya yale mhusika wako anayoyakumbuka.
    Ukitaka kuingia akilini mwa mtu, usirushe dadu. Usitamke.
    Chagua mstari mmoja. Ufute.

Jumamosi, Nanjala mbele ya mlinzi wa lango,
yule yule, amefufuliwa na rasimu ya tatu.
Alikishika kifutio muda mrefu.
Mstari wa pili: jina la mbwa wake.
Wa saba: harufu ya mahindi yakichomwa, baba yu hai.
"Mbwa bado ananihitaji," akasema,
akaanza na herufi ya mwisho ya *hai*.
Hakuna aliyegusa njugu.
Kifutio kililia karatasini kama panya ukutani.
"Haya. Mlinzi anawaza nini?"
Nikamwambia.
Lango likafunguka, na hakuna aliyeshangilia.

Galgalo aliinama, akayakusanya mabaki ya kifutio
kwa ukingo wa kiganja, taratibu,
akakosa pa kuyatupa.

Kitabu kiko River Road, kwa mpiga chapa.
Syokau bado ananiuliza: mistari yote kumi ikiisha?
Ukurasa wa sitini na moja nimeuacha mtupu.
Jana mpiga chapa alinipigia simu,
akidhani nimesahau kitu.